Mtoto asingoje jino liume ndipo amwone daktari

JE, mwanao anakaribia kutimiza mwaka mmoja? Basi wakati wake wa kumwona daktari wa meno umefika, hata kama ana meno mawili tu kinywani.

Wazazi wengi hushangaa wakiambiwa hivyo. Wao hudhani meno ya utotoni ni ya muda tu. Yakioza yatang'oka na mengine yataota. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi usiku mmoja kifungua mimba wangu, wakati huo akiwa na miaka minne, alipoamka akilia na shavu limevimba kama aliyetia andazi mdomoni. Kulipokucha tulimshika watu wawili ndipo akang'olewa gego. Ilichukua miaka kabla ya kukubali tena kufungua kinywa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe.

Meno ya utotoni ni 20. La kwanza huchomoza mtoto akiwa na miezi sita hivi, na yote huwa yameota afikapo miaka mitatu. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita, lakini magego hukaa hadi miaka 10 au hata 12. Kwa hivyo gego la mwanangu lilikuwa na kazi ya miaka sita au zaidi mbele yake. Si kutafuna tu. Gego hilo pia hulinda nafasi ya jino la ukubwani. Likitoka mapema, meno jirani huegemea pengo, na jino jipya likija hukosa pa kusimama, likaota upande.

Katika nyumba nyingi za mjini, adui mkubwa ni chupa ya usiku. Mtoto analazwa na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au sharubati, ili anyamaze. Akilala, mate yanayosafisha kinywa hupungua, na utamu hubaki kwenye meno ya juu ya mbele hadi asubuhi. Bakteria huigeuza sukari hiyo kuwa asidi inayokula jino, na tabaka gumu la nje la jino la utotoni ni jembamba. Kama ni lazima alale na chupa, tia maji matupu. Mweleze na yaya, maana mara nyingi ndiye anayemlaza. Tena yaya, na hata wewe mama, msionje uji kwa kijiko cha mtoto; bakteria hao hupita kwa mate.

Anza kupiga mswaki siku jino la kwanza linapochomoza, asubuhi na kabla ya kulala. Tumia dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele tu hadi afike miaka mitatu, kisha kiasi cha punje ya njegere. Usimwachie mtoto mswaki ukadhani kazi imekwisha. Kabla ya miaka saba au minane mkono wake haujaweza kusafisha vilivyo, kwa hivyo msugue wewe mwenyewe.

Wasomaji wa Nakuru na Naivasha, na wale wa Nairobi wanaotumia maji ya visima virefu, wana jambo moja zaidi. Maji ya baadhi ya visima hivyo yana floridi nyingi kuliko kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo huyatia meno madoa ya kahawia yangali yanaumbika ndani ya ufizi. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na floridi ikabaki. Mwambie daktari mnakoteka maji ili akushauri.

Kila mwezi, mlaze mtoto karibu na dirisha, uinue mdomo wa juu. Ukiona mstari mweupe kama chokaa kando ya ufizi, hapo kuoza kumeanza lakini bado kunaweza kuzuiwa. Daktari anaweza kupaka floridi, kazi ya dakika chache isiyo na sindano wala kilio. Ukingoja mstari ugeuke shimo la kahawia, utarudi kwa kuziba jino au kuling'oa.

Afikapo miaka sita, angalia nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Hapo huota gego jipya bila lolote kung'oka, na wazazi wengi huliacha lioze wakidhani ni la utotoni. Hilo ni la ukubwani, na halina mbadala.

Lakini shavu likishavimba na mtoto ana homa, usimpe dawa za kutuliza maumivu ukangoja Jumatatu. Usaha wa jino waweza kuenea hadi shingoni ukamzuia kupumua. Mpeleke hospitalini saa hiyo hiyo.