Kuzeesha Ubao kwa Siki na Chai

Tazama picha yoyote ya Bodie, mji wa wachimba dhahabu uliohamwa katika milima ya mashariki mwa California, na kitu cha kwanza kukushika macho ni rangi ya mbao. Ni kijivu chenye mng'ao wa fedha, kama nywele za bibi aliyekwisha kuacha kupaka hina. Baadhi ya mbao za mji huo zilikuja kwa treni: mwaka 1881 ilijengwa reli nyembamba ya kilomita zipatazo 51 hadi kwenye kiwanda cha kupasua magogo cha Mono Mills. Tangu 1962 Bodie ni hifadhi ya jimbo, na wahifadhi wanauacha mji na uchakavu wake, wanauzuia tu usianguke. Wanaojenga reli za mfano mezani huzikodolea macho picha zake kwa saa nyingi.

Kazi yao ni hii: kupata uzee wa miaka mia kabla chakula cha jioni hakijapoa. Skeli inayopendwa zaidi duniani ni ile iitwayo HO, moja kwa 87, ambamo ubao wenye upana wa sentimita 30 unabaki milimita tatu na nusu hivi. Kupunguza ubao ni rahisi. Wembe mkali na rula vinatosha. Shida ni kwamba jua na mvua havina skeli.

Ubao hauwi kijivu kwa sababu ya umri. Ndani yake kuna nyuzi za selulosi, na kinachozigandisha pamoja ni lignini. Miale ya jua isiyoonekana, ile ya urujuanimno, inafyonzwa na lignini na kuivunjavunja. Mvua ikinyesha, mabaki hayo yanaoshwa na zinabaki nyuzi tupu, ambazo kwa asili yake ni nyeupe. Kisha kuvu weusi, wadogo mno, wanaota penye unyevu na kuutia weupe huo giza. Yote yanatokea kwenye utando wa juu tu. Kwangua kwa kisu kina cha robo milimita na utakutana na ubao wa rangi ya asali, kana kwamba ulitoka kwa seremala jana.

Utando huo ukisombwa, mwingine unaanza kuliwa. Kwa miti laini kama msonobari, makadirio ya kawaida ni milimita 6 hivi kwa karne. Kwenye kila pete ya mti, sehemu iliyoota msimu unapoanza ni laini, inaisha mapema. Ile ngumu ya mwisho wa msimu inabaki imesimama kama matuta ya viazi. Sasa gawanya hizo milimita 6 kwa 87. Unapata kama saba ya mia ya milimita, kitu chembamba kuliko karatasi ya daftari. Ukifuata hesabu kwa uaminifu, ukuta wako wa mfano unapaswa kuwa laini kabisa, na hakuna atakayeamini kuwa ni mzee.

Kwa hiyo fundi anadanganya. Anachukua ubao wenye nyuzi nyembamba (Marekani wanapenda baswudi, kwa kuwa pete zake hazijitokezi), anauburuzia brashi ya waya kufuata nyuzi, na kuchimba mifereji ambayo kwa skeli ingemmeza mtu kidole. Wengine hutoboa hadi alama za misumari. Mimi hapo nasita: kuutazama mfano wa HO kutoka sentimita 60 ni sawa na kuitazama nyumba halisi kutoka mita 52, na nani anahesabu misumari ya jirani kwa umbali huo?

Lakini kwenye rangi, udanganyifu haulazimiki. Chukua nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, zile zinazoshika kutu, uziloweke kwenye siki siku mbili tatu bila kukaza kifuniko, maana hewa hutoka. Siki inakula chuma. Pembeni chemsha chai ya rangi, nzito, isiyo na sukari. Paka ubao chai kwanza, uache ukauke, kisha pitisha ile siki. Mwanzoni huoni kitu. Kisha kijivu kinaibuka chenyewe kutoka ndani ya nyuzi, kikikolea mpaka karibu na bluu ya wingu la mvua. Chuma kimekutana na tanini ya majani ya chai, kwa kuwa baswudi yenyewe ina tanini kidogo. Ndoa hiyo hiyo ndiyo inayochora michirizi myeusi chini ya misumari kwenye milango ya kale, na ndiyo wino ulioandika hati za Ulaya kwa karne nyingi. Aliyeloweka magome ya mkoko akaona maji yakigeuka mekundu, tanini anaijua tayari.

Wenye haraka hutia kijiko cha chai cha wino mweusi kwenye nusu lita ya spiriti. Spiriti, si maji. Niliwahi kupaka wino wa maji upande mmoja wa ukuta wa banda nililokuwa nimekwisha kuligundisha. Asubuhi ulikuwa umepinda kama kigae cha kibuyu: nyuzi zinavimba kwa upana zikinywa maji, na upande mmoja ulikuwa umekunywa peke yake. Siku hizi napaka pande zote mbili kabla ya gundi, na nyuma naweka papi.

John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchafua treni na majengo yake kwa makusudi, wakati wenzake waking'arisha yao. Reli yake, Gorre & Daphetid, iliteketea kwa moto siku chache baada ya kifo chake Januari 1973. Imebaki kwenye picha, na bado watu wanazikuza kutafuta alivyopata kijivu chake.

Ipo pia njia ya mvivu. Nimefunga vijiti vya msonobari kwa waya juu ya bati la jikoni tangu mvua za masika. Juzi nilipanda kuvigeuza. Upande wa chini bado ni manjano. Wa juu umeanza kuwa majivu, na kimoja kina alama ya mguu wa kunguru.