KUKETI MAHALI PA MWENZAKO

Leo tunazungumza juu ya nyumba zetu hapa Kisauni, ambamo watu hulala chini ya bati moja na wasisemezane.

Nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kumkaripia. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake. Daudi akawaka hasira, kisha akaambiwa kwamba tajiri huyo ndiye yeye.

Katika miaka ya 1920, daktari Jacob Moreno aliendesha mjini Vienna michezo ya kuigiza isiyoandikwa. Mwigizaji mmoja, mwanamke mpole jukwaani, alikuwa mkali mno kwa mumewe. Moreno akampa kuigiza watu wakorofi, na nyumbani ukali ukapungua. Baadaye mume na mke waliigiza magomvi yao wenyewe. Moreno alihamia Marekani mwaka 1925, na huko akaikuza kazi hiyo ikawa tiba.

Sehemu tunayoipenda sisi ni kubadilishana nafasi. Tuseme baba wa Mtopanga amechelewa kwa foleni ya Daraja la Nyali. Mama anamwuliza alikuwa wapi, yeye kimya. Basi Jumamosi jioni, mkekani, baba ajifunge leso, ashike mwiko, aulize. Mama aingie na ufunguo mkononi, anyamaze vile vile anavyonyamaza mumewe. Watoto watacheka, waacheni wacheke. Muda si muda baba ataonja kimya chake mwenyewe, na mama ataonja kuulizwa kabla ya kuvua viatu.

Kisha kaeni. Kila mmoja aseme kwanza alivyojisikia alipokuwa mwenzake. Lawama zikitangulia, kila mtu hurudi kujitetea na mchezo umekwisha bure. Dakika tano zatosha, na yeyote akisema "basi," muache papo hapo. Kumwiga mwenzako kwa kejeli ni ugomvi ule ule uliovaa leso.

Penye kipigo msijaribu mchezo huu. Mke aliyepigwa akiambiwa amwigize mumewe, anaumizwa mara ya pili. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na jeuri ya nyumbani, na mtoto anayeteswa anaweza kupiga simu bure, nambari 116.

Mkianza, chagueni jambo dogo, kama vile nani amemaliza maji ya mtungi bila kusema. Kwa Kisauni, ugomvi huo haukosekani.