Usimnyang'anye Mkaa

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia. Mwanawe wa miaka 22, dereva wa bodaboda, alinusurika katika ajali iliyomuua abiria wake. Tangu siku hiyo hasemi kitu. Usiku hushtuka akitokwa jasho. Mchana huokota mkaa jikoni na kuchora kwenye ukuta wa uani magurudumu, mengine juu ya mengine. Majirani wanasema amerukwa na akili. Mama anauliza: nimnyang'anye huo mkaa?

Hapana, mama. Na sababu yake ni moja ya habari nzuri mno nizijuazo kuhusu ubongo.

Kwanza neno. Hali ya kijana huyu tunaiita kiwewe, na linatosha. Lakini ile saa ambapo ajali inamrudia akaiona upya, tuiiteje? "Kumbukumbu rejeshi" hainiridhishi, kwa kuwa anayerejesha kitu hukirejesha kwa hiari yake. Hiki hakirejeshwi, kinazuka chenyewe, kama mzuka njiapanda. Basi mimi nasema mzuko. Najua vijana wa mjini wakisema wamepandwa na mzuka huwa wanamaanisha raha, lakini hata wao wanakubali kwamba unapanda bila kuitwa.

Mwaka 1996, huko Marekani, Scott Rauch na wenzake waliwasikilizisha wagonjwa 8 wa kiwewe masimulizi ya yale yaliyowapata, huku wakipiga picha za bongo zao. Maeneo ya hofu yalichangamka. Maeneo ya kuona yakachangamka pia, ingawa mbele ya macho hapakuwa na kitu. Lakini eneo la Broca, lile linalounda usemi, lilififia.

Sasa fikiria ubongo kuwa mji wa pwani. Maneno ni shehena inayopitia bandarini: kila gunia lipimwe, liandikwe, ligongwe muhuri, lijulikane lipi limetangulia. Mzuko unapoanza, king'ora kinalia, geti linafungwa, makarani wanakimbia. Maghala nyuma yao yamejaa picha, na picha hizo zinafuka moshi. Kumwambia kijana "sema, mwanangu" saa hiyo ni kumtaka nahodha apakie mzigo kwenye gati lisilo na mtu. Lakini pwani yetu haikuwa na mlango mmoja kamwe. Kuna vijito katikati ya mikoko, na maji yakijaa mtumbwi hupita humo bila karani wala muhuri. Mkono ndio mtumbwi. Gurudumu liliingia likiwa picha, linatoka likiwa picha. Halidai kitenzi, halidai jana wala leo. Likishatua ukutani, mwenyewe anaweza kusogea hatua tatu nyuma akalitazama. Na makarani, wakisikia king'ora kimetulia, huchungulia mmoja mmoja wakauliza: hiki ni nini? Ndipo neno la kwanza huja, na linaweza kuwa la mchoro kabla halijawa la ajali.

Huko Bethesda, Maryland, mtaalamu wa tiba ya sanaa Melissa Walker aliwapa wanajeshi waliorudi kutoka vitani vinyago vitupu wavipake rangi. Askari mmoja aliyeandamwa na sura yenye damu aliichora sura ile ile kwenye kinyago chake, ikawa nje yake. Wengi wao ni wanaume waliofunzwa kunyamaza. Nasi tunawafunza vijana wetu hivyo hivyo tangu wangali wadogo: mwanamume halii. Tumelifunga geti sisi wenyewe, kisha tunashangaa bandari kuwa kimya.

Wagonjwa 8 ni wachache, na mkaa si dawa pekee. Mpeleke hospitali aonwe na daktari wa akili, na uende haraka akianza kutaja kufa. Lakini akirudi nyumbani aukute mkaa pale pale, na chaki za rangi ukizipata. Usimuulize kwa nini anachora magurudumu. Kaa naye uani, menya viazi vyako, na siku akigeuka kukutazama, muulize tu: hili ni la mbele au la nyuma?