Kupumua si Respiresheni: Istilahi za Utoaji wa Nishati katika Seli

Katika kazi ya istilahi, neno geni si tatizo kubwa kuliko yote. Mara nyingi linalotatiza zaidi ni neno la kawaida linalotwishwa maana ya pili. Mfano mmojawapo ni kitenzi pumua. Wafasiri na walimu wengi hukitumia kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: kuvuta na kutoa hewa, na kazi ya seli ya kutoa nishati iliyomo katika chakula. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha tofauti hiyo, kisha kupendekeza istilahi za kuyatenga mambo hayo mawili.

Tuchukue mfano wa Mkonze, kando ya mji wa Dodoma. Mkulima anayepalilia mtama kwa jembe huhema, na kifua chake hupanda na kushuka. Huko ni kupumua kama kunavyojulikana na kila mtu. Lakini punje za mtama zilizomo kihengeni hazina pua wala mapafu, nazo pia hutumia oksijeni na kutoa kabonidioksidi, maji na joto. Punje zikirundikwa kabla ya kukauka, kazi hiyo huenda kwa kasi, ukungu nao huongeza joto, na nafaka huharibika. Ndiyo maana hapana budi kuzianika kwanza. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba mbegu hupumua, ana haki ya kuuliza: hupumua kwa kiungo gani?

Jibu limo ndani ya seli. Katika ute wa seli, molekuli ya glukosi yenye atomi sita za kaboni hugawanywa kuwa molekuli mbili za asidi ya piruviki. Hatua hii haihitaji oksijeni, na faida yake ni molekuli mbili tu za adenosini trifosfati, kwa kifupi ATP, ambayo hubeba nishati hadi inapohitajika.

Oksijeni ikiwapo, asidi hiyo huingia katika mitokondria, vijisehemu vilivyopewa jina hilo na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya uzi na punje. Humo, katika mzunguko alioueleza Hans Krebs mwaka 1937, kaboni huondolewa ikawa kabonidioksidi. Elektroni nazo hupitishwa katika utando wa ndani hadi zipokewe na oksijeni, na hapo maji hutokea. Mpito huo husukuma protoni upande mmoja wa utando. Zinaporudi, mfano wa maji ya bwawa la Mtera yanavyozungusha mitambo ya umeme, ATP hutengenezwa. Peter Mitchell alitoa nadharia hiyo mwaka 1961, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kwa jumla, glukosi moja huleta ATP zipatazo 30.

Pasipo oksijeni, hali ni nyingine. Hamira iliyomo katika maji ya zabibu za Dodoma hupata ATP mbili tu kwa kila glukosi. Nishati nyingi hubaki katika alkoholi ya mvinyo.

Vitenzi viwili zaidi vyahitaji hadhari. Kuzalisha nishati hupotosha, kwa kuwa nishati haiumbwi, bali hutolewa ilimokuwamo. Kuunguza chakula nako hupotosha, kwa kuwa moto hutoa nishati yote kwa mkupuo kama joto na mwanga, ilhali seli huitoa kidogo kidogo kwa msaada wa vimeng'enya.

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Upumuaji utumike kwa uvutaji na utoaji wa hewa tu.
2. Respiresheni itumike kwa utoaji wa nishati katika seli. Inayotumia oksijeni iitwe respiresheni ya kioksijeni.
3. Uchachukaji utumike kwa kazi ya hamira pasipo oksijeni.

Huenda wengine wakaona neno respiresheni ni geni mno. Hata hivyo, ugeni wa neno huisha kwa mazoea, lakini dhana iliyochanganywa darasani humfuata mwanafunzi hadi sekondari, na humfuata afisa hadi katika maelezo anayomwandikia mkulima kuhusu hifadhi ya nafaka. Tunawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao.