Kithai kwa Mwanafunzi wa Pemba: Sauti, Saa na Adabu za Shule

Mwanafunzi wa Pemba anayekwenda kusoma mwaka mmoja katika sekondari ya Thailand hukuta darasa, kantini na nyumba ya familia inayomlea vyote vikiendeshwa kwa Kithai. Kiingereza hakimfikishi mbali, maana wenzake wengi wanakisoma kama somo na kukiacha mlangoni kipindi kinapokwisha. Vitabu vingi vya kufundishia Kithai vimeandikiwa wasemaji wa Kiingereza, hivyo humtisha kwa mambo ambayo yeye anayo tayari kinywani, na humpitisha haraka pale ambapo Mswahili hasa ndipo hujikwaa. Njia fupi kwake ni kukiendea Kithai moja kwa moja kutoka Kiswahili.

Vijana wa Zanzibar wanaufahamu zaidi mpango wa YES, ulioanza mwaka 2002 kuwapeleka Marekani wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Kwa upande wa Thailand, shirika la AFS, lililoanza kubadilishana wanafunzi wa sekondari mwaka 1947, limo nchini humo tangu 1962, na ndiyo sababu shule nyingi za huko zimekwisha kuzoea kumpokea mgeni mmoja katika kidato. Walio na shahada ya kwanza wana mlango mwingine: ufadhili wa shahada ya uzamili unaotolewa na TICA, idara ya ushirikiano wa kimataifa iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Thailand.

Konsonanti za Kithai zina herufi 44, na kila herufi hutajwa pamoja na kitu, kama watoto wa chekechea wanavyofundishwa: ko kai ni ya kuku, kho khai ni ya yai, ngo ngu ni ya nyoka. Hiyo ya nyoka ni ng' ya ng'ombe ikiwa mwanzoni mwa neno. Mwanafunzi aliyekulia London anaweza kuhangaika nayo wiki kadhaa. Mtoto wa Wete ameitamka tangu alipoanza kusema.

Kuku na yai hutenganishwa na pumzi tu. Kai ni kuku, khai ni yai, na vokali ni ileile, kidatu cha sauti ni kilekile. Herufi h katika maandishi ya Kilatini huonyesha pumzi inayotoka baada ya k. Hapa msomaji wa Kiswahili inambidi aangalie: kh hii haihusiani na ile ya kheri, th haihusiani na ile ya thelathini, wala ph si f. Kisiwa cha Phuket huanza kwa p yenye pumzi. Lahaja za pwani yetu zinalo jambo hili, ingawa maandishi hayalionyeshi. Msikilize mzee akitamka paa la nyumba, kisha paa wa porini; au kaa la moto, kisha kaa wa ufukweni. Yule mnyama wa porini na yule wa ufukweni hutoka na pumzi. Kijana ambaye masikio yake hayajapoteza tofauti hiyo ameshapata somo zito la Kithai nyumbani kwa bibi yake. Urefu wa vokali nao hubadili maana, na anayejua kwamba kufa na kufaa ni mambo mawili hahitaji maelezo marefu.

Kazi hasa iko kwenye vidatu vya sauti. Lugha nyingi za Kibantu zinavyo, lakini Kiswahili kiliviacha, na badala yake kikashika mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kithai kina vidatu vitano: cha kati, cha chini, cha kushuka, cha juu na cha kupanda. Neno khao lenye vokali ndefu likitamkwa kwa sauti ya chini ni habari. Likishuka ni wali. Likipanda ni rangi nyeupe. Mswahili anapouliza swali huinua sauti mwishoni mwa sentensi, na kwa kufanya hivyo hulibadili neno la mwisho liwe neno jingine kabisa. Kosa hilo humfuata kwa miezi, na dawa yake ni kujifunza kila neno pamoja na kidatu chake tangu siku ya kwanza, kama sehemu ya neno lenyewe.

Kosa la pili ni la mwisho wa maneno. Kiswahili hupenda kila neno limalizie kwa vokali, ndiyo maana kitab ikawa kitabu. Kithai hukata maneno kwa p, t au k iliyofungwa bila kuachiwa: midomo hukutana, na sauti huishia hapo. Khrap, neno la heshima ambalo mvulana huliweka mwishoni mwa sentensi, likitoka khrapu husikika la kigeni. Msichana husema kha, nalo halina taabu.

Mwandiko huwatisha wengi, lakini mtoto aliyepitia chuo cha Kurani ana faida yake. Vokali za Kithai hukaa juu ya konsonanti, chini yake, mbele yake au nyuma yake, na aliyesoma fatha, kasra na dhumma hashangai kuona irabu ikining'inia juu ya herufi. Linalochosha ni kwamba maneno hayaachiwi nafasi. Sentensi huenda mfululizo, na msomaji ndiye ajuaye neno linaishia wapi. Kidatu nacho hupatikana kwa hesabu: konsonanti zimegawanywa katika makundi matatu, la kati lenye herufi 9, la juu lenye 11 na la chini lenye 24, na alama ileile juu ya herufi ya kundi jingine hutoa kidatu kingine. Wathai humtaja mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai kuwa ndiye aliyeuweka mwandiko huu mwaka 1283, na jiwe lililoandikwa 1292 hufundishwa shuleni kama ushahidi wake.

Sarufi ni ahueni. Sifa hukaa baada ya jina: ban yai ni nyumba kubwa, neno kwa neno. Umiliki hufuata mpango wetu pia: nangsue khong khru ni kitabu cha mwalimu. Kitenzi hakibadiliki, kin ni kula kwa nafsi zote na nyakati zote, na laeo ikiongezwa inafanya kazi ya -mesha, kin laeo, ameshakula. Hata ngeli zina ndugu zake. Mthai anapohesabu hutaja kundi la kitu: khon kwa watu, lem kwa vitabu na visu, tua kwa wanyama, lakini pia kwa meza, viti na mashati. Mwingereza huona uonevu meza kuwekwa kundi moja na paka. Mswahili, ambaye lugha yake imekiweka kifaru pamoja na kikombe katika ki- na vi-, hapaswi kulalamika.

Kisha iko saa. Wathai, kama Waswahili, waliigawa siku katika vipande, na kipande cha usiku huanza machweo. Saa moja usiku ni thum moja, saa mbili usiku ni song thum, thum mbili, na hivyo hadi saa tano usiku, ambayo ni thum tano. Mwenyeji akisema song thum, Mpemba asipige hesabu ya Kiingereza kwanza; atafsiri namba ilivyo na atakuwa sahihi. Asubuhi hesabu ya kale ilikwenda hivyohivyo, ila siku hizi wengi hutumia namba za saa ya Kizungu. Alasiri huhesabiwa kutoka adhuhuri na alfajiri kutoka usiku wa manane, kwa hiyo ti nueng, "moja" ya baada ya usiku wa manane, kwetu ni saa saba usiku. Matangazo rasmi hutumia saa 24. Mwaka nao ni wa Kibudha, ukitangulia ule wa Kikristo kwa 543: mwaka 2025 uliandikwa 2568 katika daftari za shule. Kwa mtu aliyekulia kwenye kalenda mbili, ya Januari na ya Muharram, ya tatu haimchukui muda.

Shule huanza kwa bendera. Saa mbili kamili asubuhi wanafunzi hupanga mistari uwanjani, wimbo wa taifa hupigwa, na bendera hupandishwa. Sare ni kali, na jina au namba ya mwanafunzi hushonwa kifuani. Siku moja katika wiki huvaliwa sare ya skauti, chama kilichoasisiwa na mfalme Vajiravudh mwaka 1911. Mwanafunzi akikutana na mwalimu hukutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Salamu hiyo huitwa wai, na mdogo ndiye huianza, kama shikamoo. Kichwa ni kitukufu na mguu ni duni, hivyo kumgusa mwenzio kichwani au kuelekeza nyayo kwa mtu ni kumvunjia heshima.

Mapema katika muhula wa kwanza, kwa kawaida siku ya Alhamisi, hufanyika wai khru, sherehe ya kuwaheshimu walimu. Wanafunzi huleta maua yenye maana: ua la khem, neno ambalo pia ni sindano, kwa akili kali, nyasi zinazotambaa kwa ustahimilivu, ua la biringani, linaloinama, kwa unyenyekevu. Katika sherehe hiyo wanafunzi hupiga magoti na kuinama mpaka chini mbele ya walimu, na baada ya wimbo wa taifa kila asubuhi huwa na dua ya Kibudha. Kwa Mwislamu haya yanahitaji maneno mapema. Thailand ina mamilioni ya Waislamu, wengi wakiwa Pattani, Yala, Narathiwat na Satun, kwa hiyo walimu si wageni wa jambo hili. Mwanafunzi asiyeshiriki dua husimama kimya, na suala la kuinama huzungumzwa na mwalimu wa darasa siku kadhaa kabla. Kunyamaza hadi siku yenyewe ndiko kunakoleta fadhaa kwa pande zote mbili.

Nyumbani sentensi ya kwanza ya kuhifadhi ni mai kin mu, sili nguruwe, kwa kuwa nyama hiyo huingia kwenye supu na michuzi bila kuonekana. Bidhaa za dukani huwa na alama ya halali. Chakula chenyewe hakimtupi mbali: tui la nazi, ukwaju, wali kila mlo, na mchuzi wa massaman, ambao jina lake hunasibishwa na Waislamu na ambao hutiwa mdalasini, iliki na kan phlu. Kan phlu ni karafuu.

Familia inayomlea humpa jina fupi la utani ndani ya siku chache, na humweka kwenye ngazi ya umri. Aliyemzidi ni phi, mdogo wake ni nong, na maneno haya hutumika hata kwa muuza matunda. Ndugu wa wazazi hutenganishwa kwa umri kama sisi tunavyotenganisha mama mkubwa na mama mdogo: pa ni dada mkubwa wa baba au wa mama, lung ni kaka mkubwa wa yeyote kati yao, nalo neno "na" ni la mdogo wa mama, awe wa kike au wa kiume. Bibi mzaa mama ni yai, na kidatu chake ni cha kati.

Linalobaki ni kalenda ya masomo, nalo huumiza zaidi kuliko vidatu. Mwaka wa shule wa Thailand huanza katikati ya Mei na kwisha Machi, wakati wa Zanzibar huanza Januari. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne humaliza mitihani Novemba na kuanza Kidato cha Tano kiasi cha Julai, kwa hiyo mwaka mzima wa Kithai hauenei katika nafasi hiyo. Anayeondoka akiwa Kidato cha Tatu hukosa sehemu kubwa ya silabasi, na mwaka wa kubadilishana kwa kawaida hauhesabiwi kuwa kidato. Wapokeaji wengi hutaka umri wa miaka 15 hadi 18, na hilo hupunguza nafasi ya kungoja. Mzazi na mwalimu mkuu hukubaliana kabla ya safari mtoto atarudi darasa gani, na makubaliano hayo huandikwa katika barua itakayompokea Aprili ya mwaka unaofuata.