Wimbo Uko E Flati, C Mnaiombea Nini?

Kwaresima haijafika katikati, ombi limeshaanza kuwafikia watunzi wa nyimbo za kwaya: "Mwalimu, naomba nota za wimbo wako wa Pasaka, ila unitumie za C." Majilio yakiingia litarudi lile lile, safari hii kwa wimbo wa Noeli. Anayeomba ana adabu zote. Anasalimia, anabariki, anashukuru kabla hajapewa. Tatizo ni kwamba anachoomba, mara nyingi, hakina maana.

Wanaoomba solfa za C ndio wengi, na jibu lao ni fupi. Solfa haina C wala E flati ndani yake. Wimbo ukiwa E flati, herufi ya kwanza ya skeli ni "d". Ukishushwa C, ni "d" ile ile, na "m" na "s" zinakaa pale pale kwenye karatasi. Kinachotaja ki, yaani kimo cha Do, ni mstari mmoja tu juu ya ukurasa, palipoandikwa Do = E flati. Anayetaka solfa za C achukue kalamu, akate E flati, aandike C. Basi. Hakuna haja ya kumwamsha mtunzi saa tano usiku.

Mfumo ulibuniwa hivyo kwa makusudi. John Curwen, mchungaji wa Kiingereza, aliuchukua kutoka kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich katika miaka ya 1840, akautengeneza ili mtu asiye na piano nyumbani aweze kusoma sauti yake. Wamisionari wakauleta Afrika. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya Johannesburg, aliandika kwa solfa wimbo ambao tuni yake Watanzania wanaijua kama "Mungu Ibariki Afrika". Do yake aliiweka B flati. Waliouimba hawakuhitaji kujua kwamba ki hiyo ina flati mbili, na hadi leo hawahitaji.

Kwa hiyo mwenye shida si mwimbaji. Ni mpiga kinanda.

Yeye ndiye anayeitaka C, kwa sababu C haina funguo nyeusi na ndiyo ki pekee aliyojifunza. Nyuma ya ombi lake kuna imani iliyoenea kuliko katekisimu: kwamba funguo nyeupe ni nyepesi, nyeusi ni za wataalamu, na mtunzi aliyeweka flati tatu alikuwa anaringa.

Hakuringa. Alikuwa anapima makoo. Katika kwaya ya kawaida ya parokia au usharika, soprano wanaanza kubana wakivuka F ya juu, na besi wengi wakishuka chini ya G ya chini wanatoa pumzi badala ya sauti. Wimbo wa E flati ambao besi yake inagusa G hiyo, ukiupeleka C unaushusha nusu toni tatu, na besi anatakiwa kuimba E. Wapo wanaoifikia, lakini hao kwa kawaida hawaji mazoezi ya Jumatano. Alto waliokuwa wametulia B flati chini ya C ya kati wanajikuta G, mwisho kabisa wa uwezo wao, na sauti yao inapotea ndani ya teno. Kuupandisha wimbo huo hadi C ya juu ni nusu toni tisa. Hilo hata kulijadili ni kupoteza muda. Ki ya wimbo imechaguliwa ili sauti nne zikae pamoja pazuri. Ukiihamisha kwa sababu ya vidole vya mtu mmoja, watu arobaini wanalipa.

Na huo wepesi wenyewe wa funguo nyeupe ni hadithi. Frédéric Chopin alifundisha piano Paris kwa miaka mingi, na wanafunzi wake hakuwaanzisha na skeli ya C. Aliwaanzisha na B, yenye shapu tano. Alikuwa na sababu ya kimwili kabisa: ukiweka vidole vitano juu ya E, F shapu, G shapu, A shapu na B, vile vitatu virefu vya katikati vinatua vyenyewe juu ya funguo nyeusi, na gumba na kidole cha mwisho, ambavyo ni vifupi, vinapata nyeupe. Mkono unakaa kama ulivyoumbwa. C aliihesabu kuwa skeli ngumu kuliko zote kuipiga kwa usawa, kwa kuwa imelala tambarare na mkono hauna pa kushikilia. C ni rahisi kwa jicho. Kwa mkono, hapana.

Tena C haibaki nyeupe. Wimbo wowote wenye akili kidogo ukifika katikati unaelekea Sol, na hapo unadai F shapu, ile ambayo waimbaji wa solfa wanaisoma "fe". Ukipitia upande wa La unadai G shapu, "se". Mpiga kinanda wa funguo nyeupe akifika hapo ama ananyamaza, ama anapiga F ya kawaida huku teno wanaimba fe yao kwa uaminifu. Mkwaruzo huo unasikika hadi benchi la nyuma, na baada ya ibada wanaolaumiwa ni teno.

Hapo ndipo inapotajwa transipozi, kitufe cha kuhamisha ki. Kwenye vinanda vya Yamaha vya PSR, ambavyo makanisa mengi yanavyo, kitufe hicho kinahamisha sauti hadi nusu toni 12 juu au chini. Kidole kinabonyeza C, spika inatoa E flati, kwaya inaimba kwenye kimo chake, na kila mtu anafurahi. Siku mwimbaji wa shairi ana mafua na wimbo unahitaji kushuka kidogo, ni msaada halali kabisa. Lakini kuutegemea kila Jumapili ni sawa na kumeza Panadol kila asubuhi kwa ajili ya kichwa ambacho hakijauma.

Kwanza, kitufe kinasahaulika. Wimbo wa mwanzo ulikuwa juu nusu toni tatu, wimbo wa katikati unatakiwa sifuri, na hakuna aliyekirudisha. Kwaya inapewa Do, inaanza kwa imani, na kufika mstari wa pili soprano wanaangaliana kama watu waliopanda basi lisilo lao.

Pili, wanamuziki wengine hawana kitufe. Makanisa ya Kilutheri na ya Moraviani Tanzania yana vikundi vya matarumbeta, na kwa vyombo hivyo B flati, E flati na F ndizo ki za nyumbani. Flati zinazomtisha mpiga kinanda kwao ndizo nyepesi. Sasa mpiga kinanda anamwambia mwenye tarumbeta, "Tuko C." Tarumbeta inapiga C ya kweli, spika inatoa E flati. Wanaanza kubishana nani hajui, na kwa kweli aliyedanganya ni mashine.

Tatu, ogani ya mabomba yenye mitambo ya kawaida haina kitu kama hicho. Kila ufunguo umeunganishwa na mabomba yake, na bomba la C litatoa C tu. Mtu aliyepiga miaka kumi kwa transipozi akialikwa kwenye kanisa lenye ogani ya namna hiyo, anaketi mbele ya chombo alichokiota na hawezi kupiga tenzi hata moja kwenye kimo chake.

Mtetezi wa transipozi aliyesoma kidogo atamtaja Irving Berlin, Mmarekani aliyetunga "White Christmas". Ni kweli, Berlin alipiga karibu kila kitu katika F shapu, akikaa zaidi kwenye funguo nyeusi, na piano zake zilikuwa na wenzo wa kuhamisha ki. Mojawapo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Anachokiacha katika simulizi hiyo ni kwamba Berlin aliajiri watu wanaojua nota ili waandike alichokuwa anapiga. Parokia yenye fungu la kuajiri karani wa nota ijitokeze. Na wapenzi wa funguo nyeupe wazingatie pia kwamba mtu aliyejifunza ki moja tu alichagua iliyojaa nyeusi.

Sasa la kufanya, haraka haraka. Mpiga kinanda aanze na F na G, ambazo kila moja ina alama moja tu. Zikikaa mkononi aingie D na B flati, kisha E flati. Hizo tano pamoja na C zinabeba sehemu kubwa ya vitabu vya nyimbo vya makanisa yetu. Katika kila ki apige akodi ya Do, ya Fa na ya Sol kwa mikono yote miwili, halafu tenzi moja ambayo kwaya inaijua kwa moyo, polepole, mkono wa kushoto peke yake kwanza. Dakika 15 kila siku zinafaa kuliko Jumamosi nzima ya kuhangaika. Anayesoma solfa ana bahati zaidi: akifahamu Do iko wapi kwenye kinanda, zilizobaki anazijua tayari.

Kama wimbo kweli uko juu au chini mno kwa kwaya yenu, uhamisheni, lakini kwa nusu toni moja au mbili, na mtunzi aambiwe. Programu ya MuseScore ni ya bure na inahamisha nota za mistari za sauti zote nne kwa sekunde chache. Karatasi mpya iandikwe ki mpya juu, na nakala za zamani ziondolewe ukumbini zisije zikachanganywa. Wenye mafaili ya Finale, programu nyingine ya kuandika nota, wayatoe mapema kwa mfumo wa MusicXML, kwa sababu watengenezaji wake walitangaza mwezi Agosti 2024 kwamba hawaiendelezi tena. Mazoezi angalau mara moja kwa wiki yafanyike transipozi ikiwa sifuri. Jumapili ikilazimu kuitumia, namba yake iandikwe kwa penseli pembeni mwa jina la wimbo, na wimbo ukiisha vibonyezwe vitufe vya + na − kwa pamoja ili irudi sifuri kabla mpiga kinanda hajaondoka kwenye kiti. Anayepiga misa ya pili huenda anasoma nota.