Mashine ya Kukata Stika: Ipi Yafaa Nyumbani?

Hapa Mamboleo ni nadra kuona bodaboda isiyo na maandishi ya stika. Kaka yangu ameweka akiba anunue mashine ya kuyakata nyumbani, nami nikatumwa nichunguze.

Mashine hii haichapishi rangi. Kisu kidogo hufuata mchoro uliotoka kwenye kompyuta, kikakata vinili bila kutoboa karatasi ya chini. Yasiyotakikana unayabandua kwa mkono, na hapo subira inatakikana kweli!

Cricut Joy ya kwanza hukata upana wa sentimita 11 hivi; yatosha jina la madigadi tu. Cricut Explore na Silhouette Cameo ya kawaida hufika sentimita 30. Kioo cha matatu je? Maneno yenye kimo kinachozidi upana huo yatakatwa vipande vipande, kisha yaunganishwe.

Lakini kubwa ni bando. Programu ya Cricut hutaka akaunti, na kwa mengi hutegemea intaneti. Ile ya Silhouette, ukishaiweka kwenye kompyuta, hukata bila intaneti. Na kwetu bando likiisha limeisha! Nikamwambia kaka achukue Cameo, pamoja na vinili ya nje inayostahimili jua la Kisumu. Yeye bado anaitaka Joy kwa kuwa ni rahisi. Tunabishana hadi leo.